Kompyuta za Kikundi: Tuchague Sura Gani?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi, maziwa ya ngamia, ayuuto na vitabu vya hesabu. Leo tunazungumza juu ya kompyuta. Tafadhali msigeuze ukurasa. Vikundi vingi siku hizi vinapewa kompyuta zilizotumika, na kompyuta hizo zinaweza kuwasaidia au kuwagombanisha. Sisi tumeona yote mawili kwa macho yetu.

KISA CHA KOMPYUTA SITA

Kikundi kimoja hapa Hagadera, ambacho wanachama wake ni wakimbizi na wenyeji pamoja, kilipewa kompyuta sita kuukuu. Nne zilikuwa na memori ya gigabaiti 2, mbili zilikuwa na gigabaiti 4. Zote zilikuwa na Windows 10. Mnajua kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haifi siku hiyo, hapana. Lakini isipopata tena marekebisho ya usalama, ni kama boma ambalo mwiba ukianguka hakuna wa kuurudisha. Fisi atapata njia tu. Na kuhamia Windows 11 hakukuwezekana, kwa sababu kompyuta za zamani namna hiyo hazitimizi masharti yake.

Basi sisi wa ofisi ya maendeleo tukaja na flashi. Tukaweka Linux, mfumo endeshi wa programu huria, usiolipiwa. Tuliweka ule tuliouona kwenye semina, Ubuntu yenye sura ya GNOME, katika kompyuta zote sita. Tukapiga picha, tukasali, tukaenda zetu.

Baada ya wiki tatu tuliporudi, mweka hazina alikuwa amerudia daftari lake. Kompyuta zilikuwa zinachukua dakika nyingi kufunguka, na zikifunguka zinaganda. Tena Mama huyo alikuwa haoni pa kubonyeza ili apate kitabu chake cha hesabu. Vijana wawili tu ndio walioweza, nao wakawa mabwana wa kompyuta. Mwanachama akitaka kujua akiba yake, anaambiwa asubiri kijana arudi kutoka mpirani. Siku ya kugawana ilipofika, hesabu ya daftari na hesabu ya kompyuta hazikulingana. Watu wakaanza kutazamana vibaya. Neno "mwizi" likatajwa, ingawa hakuna aliyeiba. Vitabu vilikuwa viwili, basi.

Katika mkutano ule kijana mmoja alisema dawa ni kuweka KDE. Mwenzake akasema KDE ni mapambo tu, dawa ni Xfce. Wakabishana hadi Mama akauliza: "Wanangu, nikibonyeza na kitabu changu hakifunguki, hicho kitabu ni cha nani?"

Hapo tulinyamaza sote. Kosa lilikuwa letu sisi tulioleta flashi. Tulichagua bila kuuliza. Watengenezaji wa Ubuntu wenyewe wanataja gigabaiti 4 za memori kwa toleo lao la 24.04, nasi tuliiweka kwenye mashine za gigabaiti 2. Kwa hiyo makala haya ni ya kurekebisha kosa, ili kikundi chako kisipite njia ile ile.

INJINI NI MOJA, BODI NI MBALIMBALI

Tazameni magari yanayopita barabara ya Garissa hadi Dadaab. Injini na chesisi ni za Isuzu zile zile. Lakini fundi wa bodi mmoja amejenga basi, mwingine lori la mifugo, mwingine tangi la maji. Abiria haoni injini. Anaona mlango, kiti na dirisha.

Linux ndivyo ilivyo. Injini ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Finland. Ni mwaka ule ule ambao kambi ya Ifo ilifunguliwa hapa jirani. Ile sehemu unayoiona kioo kikiwaka, yaani menyu, vipicha, madirisha na mstari wa chini, huitwa eneokazi. Katika Windows unapewa eneokazi moja, upende usipende. Katika Linux ziko nyingi, na unaweza kubadilisha bodi bila kubadilisha injini. Barua zako na hesabu zako hubaki pale pale.

Hii ni baraka, na ni mzigo pia. Mwenye duka moja hachagui. Mwenye maduka saba hupoteza asubuhi nzima sokoni.

WALITENGANA KWA NINI?

Historia yake ni fupi, na inafanana sana na historia ya vikundi vyetu.

Mwaka 1996 mwanafunzi Mjerumani, Matthias Ettrich, aliwaita wenzake watengeneze eneokazi zuri ambalo hata mtu wa kawaida angeweza kutumia. Likaitwa KDE. Lakini walilijengea juu ya Qt, kifaa cha kampuni ya Norway iliyoitwa Trolltech, na wakati huo leseni ya Qt haikuwa huru kamili. Wengine wakasema: tukijenga nyumba yetu kwenye shamba la mtu, siku moja atatuondoa. Mwaka 1997 Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME ili iwe huru tangu msingi. Ugomvi ukawa mkali. Mwaka 2000 Trolltech ikaiweka Qt chini ya leseni huru, na sababu ya kwanza ya kugombana ikaisha. Lakini makundi hayakuungana. Kila moja lilikuwa limeshakuwa na watu wake na desturi zake.

Hata hivyo walifanya jambo la busara. Mwaka huo huo wa 2000 ulianzishwa mpango wa freedesktop.org, wa kukubaliana juu ya mambo ya pamoja, ili programu ya upande mmoja ifanye kazi upande wa pili. Ndiyo maana leo programu ya KDE inafunguka ndani ya GNOME bila shida. Kila mmoja ana boma lake, lakini kisima ni kimoja.

Mgawanyiko wa pili ulikuja mwaka 2011. GNOME walitoa toleo la 3 wakiwa wamebadilisha karibu kila kitu ambacho watu walikizoea. Walikuwa na sababu zao, walitaka kitu safi na rahisi. Lakini wengi waliona hawakuulizwa. Mtumiaji mmoja wa Argentina akachukua GNOME ya zamani akaiendeleza kwa jina la MATE, ambalo ni jina la majani ya chai ya kwao. Watu wa Linux Mint, wakiongozwa na Clement Lefebvre, wakatengeneza Cinnamon. Torvalds mwenyewe alilalamika hadharani akahamia Xfce, na baadaye akarudi GNOME. Ubuntu nao walikuwa na eneokazi lao, Unity, ambalo waliliacha mwaka 2017 wakarudi GNOME.

Viongozi wa vikundi, mmesikia? Mabadiliko yanaweza kuwa mazuri. Lakini ukiyaleta bila kuwaandaa wanachama, watajenga boma lingine.

TUZILINGANISHE

Sasa tuzitazame moja moja, kwa macho ya kikundi cha kijijini, si kwa macho ya fundi.

1. GNOME. Ni safi na imetulia, haina vitu vingi mbele ya macho. Hakuna menyu ya chini kama ya Windows. Unabonyeza kona ya juu kushoto, au kitufe chenye alama ya Windows kwenye kibodi, kisha unaandika jina la programu unayoitaka. Kwa aliyezoea kuandika ni haraka sana. Kwa mama anayesoma polepole, na jina lenyewe ni la Kiingereza, ni kikwazo. Sifa yake kubwa ni kuwajali walemavu. Ina Orca, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo kwa ajili ya asiyeona. Lakini inakula memori. Chini ya gigabaiti 4, usijaribu kama tulivyojaribu sisi.

2. KDE, siku hizi huitwa Plasma. Menyu iko chini kushoto, kwa hiyo aliyetoka Windows hapotei. Unaweza kubadilisha kila kitu: rangi, mistari, vitufe. Vijana wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo inaleta shida kwenye kompyuta ya watu wengi. Mmoja anahamisha mstari, wa pili asubuhi haioni menyu. Ina programu moja tunayoipenda, KDE Connect, inayounganisha simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata bila bando. Unapiga picha ya risiti kwa simu, unaituma kwenye kompyuta ya kikundi. Si nzito kama watu wanavyosema, lakini gigabaiti 4 ni afadhali.

3. Cinnamon. Ndiyo sura kuu ya Linux Mint. Inafanana na Windows ya zamani: menyu chini kushoto, saa chini kulia. Mtu hahitaji kufundishwa siku nyingi. Uzito wake ni wa katikati. Mint wanasema gigabaiti 2 ni kiwango cha chini na 4 ndiyo ya kufanya kazi kwa raha. Sisi tunasema, kwa Cinnamon, fuata hiyo ya pili.

4. MATE. Ni ile GNOME ya kale iliyokataa kufa. Menyu ziko juu kushoto, zimepangwa kwa mafungu, hazibadiliki ovyo. Ni nyepesi kuliko Cinnamon. Inafaa kwa mtu anayetaka kujifunza mara moja asifundishwe tena kila mwaka.

5. Xfce. Ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996, na nembo yake ni panya. Haina madoido. Inabadilika polepole sana: toleo la 4.18 lilitoka Desemba 2022 na la 4.20 Desemba 2024. Kwa kijana hiyo ni uzee. Kwa mweka hazina ni uaminifu. Vipicha vya programu unaviweka mbele kabisa, vikubwa, na anabonyeza mara mbili tu. Kwenye gigabaiti 2 inatembea.

6. LXQt. Ni nyepesi kuliko hizo zote tano, na ndiyo sura ya Lubuntu tangu toleo la 18.10. Inafanana kidogo na Windows ya kale. Baadhi ya mipangilio yake imetawanyika, na fundi atahitajika mwanzoni. Lakini kwa mashine chovu sana ni mkombozi.

Sasa, tusidanganyane. Eneokazi jepesi peke yake halifanyi muujiza. Kinachokula memori zaidi ni kivinjari cha intaneti. Ukifungua kurasa kumi pamoja, hata Xfce itaganda. Kwa hiyo wekeni sheria: ukimaliza ukurasa, ufunge. Na kama kikundi kina akiba kidogo, kuongeza memori au kubadilisha diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD kutasaidia kuliko mabishano yote ya vijana.

Vilevile msitegemee kwamba eneokazi jepesi litaokoa betri ya sola. Tofauti ni ndogo. Kinachookoa stima ni kutumia laptopu badala ya kompyuta ya mezani, kupunguza mwanga wa kioo, na kuzima badala ya kuiacha ikilala. Na kwa vumbi letu la hapa, fungua na kupuliza feni mara kwa mara. Joto huua kompyuta mapema kuliko virusi.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUCHAGUA

a) Nani atatumia kila siku? Usipime kwa anayejua zaidi. Pima kwa anayejua kidogo ambaye kazi ni yake. Mweka hazina akiweza, wote wataweza.

b) Mashine ina memori kiasi gani? Gigabaiti 2: Xfce au LXQt. Gigabaiti 4: MATE, Cinnamon, KDE, na GNOME kwa shida kidogo. Gigabaiti 8: chagua unayoipenda. Kompyuta za zamani kabisa za biti 32 zina shida nyingine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji chake. Ya mwisho kuwa nacho ni Debian 12 ya mwaka 2023.

c) Mna kazi gani? Kuandika barua na kutunza hesabu kunafanywa na LibreOffice, nayo ni ile ile katika kila eneokazi. Faili za Word na Excel inazifungua, ingawa mara nyingine mpangilio wa ukurasa huharibika kidogo. Lakini kama mfadhili wenu anataka programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, ulizeni kwanza kabla ya kufuta Windows.

d) Lugha gani? Msidhani kila menyu itakuwa ya Kiswahili au Kisomali. Mara nyingi ni nusu nusu. Lakini tusikate tamaa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu huria haimkatazi mtu kuitafsiri. Hata jina Ubuntu, lililochaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ni neno la ndugu zetu wa kusini. Kwetu tunasema utu.

e) Bando linatosha? Kupakua Ubuntu 24.04 ni karibu gigabaiti 6. Mint ni karibu nusu ya hiyo. Pakueni mara moja, mahali penye Wi-Fi, mweke kwenye flashi, kisha mpeane vikundi kwa vikundi. Leseni inaruhusu, si wizi.

JARIBU KWANZA

Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Linux nyingi zinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows iliyomo. Unaweka flashi, unawasha, unatembea ndani yake siku nzima, ukizima kila kitu kiko kama kilivyokuwa. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasoma kutoka flashi, lakini sura utaiona.

Tafuteni flashi tatu, kila moja na sura yake. Mpeni mweka hazina, katibu na mwanachama mmoja asiyewahi kugusa kompyuta kazi hizi tatu: fungua kitabu cha hesabu, andika mchango wa leo, hifadhi na uzime. Wengine wanyamaze, wasishike kipanya cha mwenzao. Anayekwama, andikeni amekwama wapi. Na kabla ya kuweka moja kwa moja, nakilini faili zote za kikundi mahali pawili. Kusimika kunafuta diski.

KIKUNDI KILIVYOAMUA

Kikundi chetu kilifanya jaribio hilo mchana mmoja. Mama alikwama kwenye GNOME, akaiweza Cinnamon, akaiweza Xfce. Kwenye mashine za gigabaiti 2 Cinnamon ilichechemea. Basi wakaamua Xfce kwa zote sita, ili mtu akihama mashine asipotee. Waliweka Debian, kwa sababu wakati wa kusimika inakuonyesha orodha ya maeneokazi, unatia alama unayoyataka, hata zaidi ya moja.

Na vijana? Hawakutupwa. Kwenye mashine moja ya gigabaiti 4 waliongezewa KDE. Wakati wa kuingia unachagua sura, na kila mtu ana jina lake na neno lake la siri. Kijana akipaka rangi kwake, kwa Mama hakubadiliki kitu. Wale waliokuwa mabwana wa kompyuta sasa ni walimu. Kila Jumamosi wanamfundisha mwanachama mmoja, na sheria ni kwamba mwalimu anaongea kwa mdomo, mikono anaweka mgongoni.

Lile deni la hesabu? Walikaa na vitabu viwili, mstari kwa mstari, hadi wakakuta michango iliyoandikwa kwenye daftari peke yake. Aliyeshukiwa akaombwa radhi mbele ya wote. Sasa kitabu ni kimoja, kinachapishwa kila mwisho wa mwezi na kubandikwa ukutani. Asiyejua kompyuta anakisoma ukutani.

Kwa hiyo mkituuliza ipi ni bora, GNOME au KDE au Xfce, sisi tutawajibu: bora ni ile ambayo mwenye kitabu anaweza kukifungua mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeweza kufungua hesabu bila kumwita mtu? Kama ni mmoja tu, akiugua itakuwaje?

2. Je, kuna kifaa tulichopewa tukakipokea bila kuuliza kama kinatufaa? Kilikwenda wapi?

3. Wale wa GNOME na KDE walibaki wametengana lakini wakakubaliana juu ya mambo ya pamoja. Sisi na kikundi cha jirani tunaweza kukubaliana juu ya nini?

4. Vijana wetu wana ujuzi. Tumewapa kazi ya kufundisha, au tumewaachia ufunguo tu?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.